Faida ya mazoezi haiwekwi akiba

KATIKA wadi ya Bomeni, mjini Taveta, kama kwingineko nchini, wachezaji wengi wa soka hutundika daluga wangali vijana. Hugeukia bodaboda au biashara ya mpakani, wakidhani jasho walilomwaga uwanjani litawalinda hadi uzeeni. Sayansi haikubaliani na dhana hiyo.

Kolesteroli ni mafuta ambayo mwili huyahitaji. Madhara huanza pale aina iitwayo LDL inapozidi na kupenya katika kuta za mishipa ya damu. Chembechembe za kinga huikabili kama adui, na hapo huzuka uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho. Uvimbe huo ukidumu kwa miaka, mishipa huziba na mtu akapatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo.

Mazoezi ya mara kwa mara hukabili hatari zote mbili. Huongeza HDL, aina ya kolesteroli inayosaidia kurejesha mafuta kwenye ini, ingawa LDL yenyewe hupungua kidogo tu. Kuhusu uvimbe, mbio za marathoni huuzidisha kwa siku chache, jinsi kipimo cha damu kiitwacho CRP kinavyoonyesha. Hata hivyo, mwanariadha anayejizoeza kila wiki huwa na kiwango cha chini cha CRP anapopumzika, sababu mojawapo ikiwa kupungua kwa mafuta ya tumboni yanayochochea uvimbe.

Lakini mazoezi si kinga kamili. Jim Fixx, Mmarekani ambaye kitabu chake cha 1977 kiliwahamasisha wengi kukimbia, alifariki mwaka 1984 akiwa mbioni. Alikuwa na umri wa miaka 52, na mishipa ya moyo wake ilipatikana imeziba. Aliwahi kuvuta sigara, na babake pia aliugua moyo mapema. Mbio hazikufuta yote hayo.

Aidha, faida hiyo haiwekwi akiba. Mwanamichezo akiacha mazoezi, huanza kuipoteza baada ya wiki chache. Hapo kazi ya kila siku huwa na uzito wake. Utafiti uliochapishwa na Jerry Morris na wenzake mwaka 1953 ulibaini kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Mwendeshaji bodaboda wa Taveta yu karibu na dereva yule. Mchukuzi wa ndizi sokoni yu karibu na kondakta.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kwa kuwa huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, Kaunti ya Taita Taveta haina budi kuviona viwanja vyake kuwa sehemu ya tiba, na kuwapima kolesteroli wachezaji waliostaafu kabla hawajafikishwa hospitalini wakiwa mahututi.