Bomba la maji si zawadi ya mheshimiwa

Bomba la maji likifunguliwa mtaani, twatandika mazulia, kina mama wakapiga vigelegele, na mheshimiwa akashukuriwa kana kwamba ametoa pesa mfukoni mwake. Msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza ni nani anayepaswa kumshukuru mwenzake siku hiyo?

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mnamo Mei 1972. Mkataba huo unataja chakula, makao, afya, elimu, kazi na utamaduni. Kwa miaka mingi, mwananchi wa kawaida hakuusikia ukitajwa. Lakini Katiba ya 2010 ilizileta nyingi za haki hizo nyumbani. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya matibabu, nyumba ya kufaa na usafi, kutokuwa na njaa, maji safi ya kutosha, hifadhi ya jamii na elimu.

Najua utakaloniuliza. Mbona basi twanunua maji kwa mtungi, na katika nyumba nyingi za kupanga choo kimoja hutumiwa na ploti nzima?

Wakuu nao wana jibu lao: haki hizi hutimizwa hatua kwa hatua, kulingana na uwezo wa nchi. Ni kweli, ndivyo sheria isemavyo. Hakuna anayedai kila familia ipewe nyumba kesho asubuhi. Lakini wanaolitoa jibu hilo huishia katikati. Kifungu cha 20 kinaeleza kwamba Serikali ikidai haina pesa za kutimiza haki hizi, ni juu yake kuonyesha kwamba kweli haina. Si mwananchi anayepaswa kwenda kuhesabu sarafu za Hazina.

Tena kuna wajibu usiohitaji pesa nyingi, nao ni kutomharibia mtu kile kidogo alicho nacho. Chukua kisa cha kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mnamo Septemba 2011 wakazi walipewa siku 7 wahame. Walikwenda mahakamani na kupata agizo la kuzuia ubomoaji. Hata hivyo, mnamo Novemba mwaka huo vibanda vyao vilibomolewa, na maelfu ya watu, watoto wakiwemo, wakabaki nje.

Kesi hiyo ilichukua takriban miaka 10. Mahakama Kuu iliamua upande wa wakazi mnamo 2013, Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikatoa kauli ya mwisho mnamo Januari 2021. Ilisema kwamba watu wasio na makao wanaoishi katika ardhi ya umma hawawi wenye ardhi hiyo, lakini wana haki ya makao inayostahili kulindwa. Hawawezi kufagiliwa kama takataka.

Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya ubomoaji alikuwa karibu kuwa mtu mzima hukumu hiyo iliposomwa. Haki ilikuja, lakini utoto wake ulikuwa umekwisha kupita.

Kwa hivyo usingoje mpaka tingatinga lifike mlangoni. Sheria ya ardhi sasa inataka wanaoishi katika ardhi ya umma bila idhini wapewe notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondolewa. Kaunti inapowaita wakazi kuzungumzia bajeti, nenda, hata kama ni siku ya kufua. Uliza pesa za maji na zahanati zilikwenda wapi. Wakikataa kukuambia, andika barua. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu upataji wa habari inaitaka ofisi ya umma ikujibu katika siku 21.

Nawe mwanafunzi, Kifungu cha 43 ni kifupi. Kisome, kisha umsomee mzazi wako jioni ya leo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nakubaliana nao. Lakini ikiwa miaka inapita na kibaba hakijaongezeka hata punje moja, mwenye kibaba ana haki ya kuuliza nani anakula mchele.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.