UJUMBE UENDE UPESI, NA SIRI YA MFANYAKAZI ILINDWE



Siku hizi habari za chama hazingoji ubao wa matangazo. Katibu wa tawi huandika ujumbe mmoja, nao hufika kwenye simu za mamia ya wanachama kwa dakika chache. Hilo ni jema. Lakini tunauliza: ni nani anayeketi katikati?

Katikati pana mtambo wa kusambaza. Kazi yake ni kama ya karani wa posta. Kila mtu amejiandikisha kwa habari anazozitaka: za mishahara, za zamu, za mgomo. Mtambo husoma anwani ya habari, ukawapelekea waliojiandikisha tu. Ndiyo maana una kasi. Utaratibu mmoja wa namna hii, MQTT, ulibuniwa mwaka 1999 kwa kazi ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Humo barua yaweza kufungwa kwa fumbo, lakini anwani mtambo lazima uione.

Wako wanaosema tufumbe vyote, hata anwani. Mtambo usiojua nani anataka nini utalazimika kumpelekea kila mtu kila kitu, au kufanya hesabu nzito kwa kila barua. Onyo la sumu inayonyunyiziwa shambani likichelewa, mtu huumia.

Wengine wanasema hakuna shida, kwa kuwa WhatsApp imefunga barua zote tangu 2016. Maneno yamefungwa, ni kweli. Lakini katika kundi la kawaida kila aliyemo huona namba za wenzake. Kibaraka mmoja anatosha. Mwajiri mwenye orodha ya wanaofuata habari za mgomo hana haja ya kusoma barua. Si bure kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, imeweka uanachama wa chama cha wafanyakazi miongoni mwa habari zinazolindwa sana.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Habari za hatari na za mikutano ya wazi zitangulize kasi. Habari za mgomo na mashtaka zitangulize siri: makundi madogo, barua zilizofungwa, anwani iwe namba isiyotaja jambo, hata zikichelewa kidogo. Na orodha ya wanachama ishikwe na chama chenyewe, kamwe isiwe mikononi mwa mwajiri.

Wanachama, ulizeni matawini mwenu leo: orodha yetu iko kwa nani?