Mpaka wa Jimbo Ukikuumiza, Unamshtakia Nani?



Mwaka 2010 Mbulu ilikuwa jimbo moja, na wananchi wakampeleka bungeni Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Kufika 2015 jimbo likagawanywa: Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini. Yote mawili yakaenda CCM. Sisemi mgawanyo ndio uliotuangusha. Wilaya ni pana na mji umekua. Nauliza tu: kama ungekuwa na hoja dhidi ya mpaka ule, ungeipeleka wapi?

Ibara ya 75 ya Katiba inasema Tume inagawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais. Rais huyo huyo ndiye mwenyekiti wa chama kinachogombea, na ndiye anayemteua Mwenyekiti wa Tume, ambaye leo ni Jaji wa Rufani. Halafu ibara ya 74(12) inaizuia mahakama kuchunguza kazi ya Tume. Matokeo ya ubunge unaweza kuyapinga Mahakama Kuu mpaka Rufani. Mpaka uliozaa matokeo hayo? Mlango umefungwa.

Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo 8. Hanang ikabaki jimbo moja. Labda ni sawa, labda si sawa, ila huna jaji wa kumwendea.

Katika Katiba Mpya tudai mawili: kibali cha Rais kiondoke, na mahakama ifunguliwe. Na siku tukishika dola sisi, sheria hiyo itubane na sisi.