Mzazi Vitani Si wa Kulia Tu

Miongoni mwa vijana wanaojifunza kutengeneza filamu hapa Mbeya, na hata kwa watazamaji wa vibanda umiza vya Mwanjelwa, kuna kauli inayopita bila kupingwa: filamu fupi ya vita haibebi mengi, kwa hiyo weka mtoto aliye hatarini, mzazi anayelia na shujaa wa kuwaokoa. Naipinga kauli hiyo, na ushahidi wangu unatoka Uganda.

Machi 2012 filamu ya Kony 2012, ya nusu saa hivi, ilitazamwa mtandaoni zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ndani yake Mmarekani anamweleza mwanawe mdogo habari za Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda aliyeteka watoto. Tusiibeze, iliwafikia watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo. Lakini ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, mwezi huohuo, watu walikasirika hadi wakarusha mawe. Walitekewa watoto wao, na sasa walilalamika kuwa filamu inawahusu zaidi wageni.

Kilichoachwa ni kipi? Oktoba 10, 1996, waasi wa Kony waliwateka wasichana 139 wa shule ya St Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera na mwalimu mmoja wakawafuata porini, wakarudi na 109. Wazazi wa wale 30 waliobaki wakaunda chama, wakadai watoto wote waachiwe, wawe wa Aboke au wa kijiji chochote. Mmoja wao, mkunga Angelina Atyam, aliahidiwa na waasi kurudishiwa binti yake iwapo angenyamaza. Alikataa kumpokea wake ilhali wa wenzake wamebaki porini. Binti huyo alitoroka mwaka 2004.

Wapo watakaosema kisa hicho ni kirefu mno. Hapana. Mama, ujumbe wa waasi na jibu lake: dakika kumi zinatosha, na mtazamaji ataondoka akijiuliza yeye angejibu nini. Huruma pekee hupoa upesi. Hati ya kumkamata Kony ilitolewa 2005. Kufikia 2017, miaka mitano tu baada ya filamu ile, majeshi ya Uganda na Marekani yalisitisha msako bila kumtia mbaroni.

Nyanda zetu za Juu Kusini nazo zina visa vyake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akina mama wakimbizi kutoka Poland walilea watoto katika kambi za Ifunda, Iringa, na Kidugala, Njombe. Atakayetengeneza filamu juu yao asianze na machozi. Atafute kwanza waliamua nini, na uamuzi huo uliwagharimu nini.