Tusibadili Tusichokipima

Katika nchi yetu kuna dawa moja inayodhaniwa kutibu magonjwa yote ya mashine, nayo ni neno "badilisha". Redio ikikoroma, badilisha spika. Pikipiki ikikataa kuwaka, badilisha plagi, na ikikataa tena, badilisha kabureta. Anayeuliza kosa liko wapi huonekana mtu wa maneno mengi. Ninaandika kulipinga neno hilo, na shahidi wa kwanza ninayemleta mbele ya msomaji ni mimi mwenyewe. Nililitumia, likanila fedha, na kidogo linipotezee kijana mwema.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Hapa Mbeya, jirani na Soko la Mwanjelwa, nina chumba chenye kompyuta tatu ambamo vijana hulipa fedha kidogo na kucheza gemu. Najua wapo wazee wenzangu wanaokidharau chumba kile. Waache wadharau, sare na madaftari ya wajukuu wangu vimetoka humo. Kompyuta kubwa kati ya zile tatu ilikuwa imezeeka, gemu mpya zikawa zinaishinda. Kijana wa jirani yangu, aliyekuwa akinisaidia kazi, akanishauri tuiongezee kumbukumbu na kuitia kadi ya michoro yenye nguvu zaidi. Nikakubali. Tulinunua vitu vilivyotumika, naye akavifunga jioni moja kwa bisibisi yake.

Picha zilitoka safi ajabu. Lakini kompyuta ilikuwa bubu! Mpira ulichezwa, nyavu zikatikisika, watazamaji wakarusha mikono juu, na hakuna sauti hata ya nzi. Vijana wakaangua kicheko. Mimi, badala ya kuuliza, nikahukumu.

"Umeiunguza," nikamwambia.

"Mwalimu, nipe siku mbili nitafute tatizo," akajibu kwa upole.

"Siku mbili za kumalizia kuiharibu?" Nikamnyang'anya funguo za chumba mbele ya wenzake.

Baada ya hapo nikaanza safari ya kwa mafundi. Wa kwanza aliitazama kompyuta bila hata kuifungua, akasema sehemu ya sauti kwenye ubao mkuu, ule wanaouita madabodi, imeungua; nilete Sh 180,000 anitafutie mwingine. Nikaona ni nyingi. Wa pili akasema dawa ni kupiga window upya. Akapiga, na kila kitu kilichokuwemo kikafutika, pamoja na picha za mazishi ya mama yangu ambazo sikuwa na nakala yake. Kompyuta ikabaki bubu. Wa tatu akaniuzia spika mpya kwa Sh 45,000. Nazo zikawa bubu. Mafundi watatu, majibu matatu, na hakuna aliyepima kitu. Siwataji, maana kosa lao ni letu sote.

Ikatokea shughuli ya familia kwa mdogo wangu anayeishi Iringa. Aliponiambia kwamba huko yupo binti fundi anayeaminika, nikalifunga kasha la kompyuta ndani ya blanketi na kupanda nalo basi. Tukapita Uyole, Igawa, Makambako na Mafinga, nami nimelipakata kama mgonjwa, mpaka Ipogolo, tukapanda mlima kuingia mjini. Iringa ndiko liliko jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Nikawaza moyoni kwamba huku hata mawe yana sauti, na mimi nimeleta mashine isiyo nayo.

"Shikamoo baba," akaniamkia yule binti. Kabla hajashika bisibisi akauliza, "Ilianza kunyamaza lini? Na siku hiyo mlikuwa mmeifanyia nini?"

Msomaji, katika Mbeya nzima hakuna aliyeniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Alianza na spika. Akazichomeka kwenye simu yake, zikaimba. "Spika hazina kosa," akasema, akaziweka kando. Kisha akaukagua waya, halafu tundu la kijani nyuma ya kasha, ambalo ndilo la kutolea sauti, kwa kuwa la waridi ni la maikrofoni. Akafungua orodha ya njia za sauti ndani ya kompyuta, akanionyesha mstari mdogo uliokuwa ukipanda na kushuka. "Baba, kompyuta yako inasema, ila inamwambia asiyesikia."

Maelezo yake yalikuwa haya. Zamani skrini yangu iliunganishwa kwa waya wa VGA, ambao hubeba picha peke yake. Kadi mpya iliunganishwa kwa waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Kadi ilipoingia, kompyuta ikapata njia ya pili ya kutolea sauti, nayo ndiyo iliyokuwa imechaguliwa. Skrini yangu haina spika, basi sauti yote ilikuwa ikienda kufia huko. Ndiyo maana hata baada ya kupigwa window upya mambo yalibaki vilevile, kwani kadi na waya vilikuwa palepale. Akabofya njia ya zamani, na chumba kikajaa kelele za uwanjani. Kazi yote haikufika nusu saa. Hakuna kilichokuwa kimeungua!

Si ugonjwa mpya huu. Waliotumia kompyuta miaka ya 1990 watakumbuka kadi za sauti kama Sound Blaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore. Kila kadi ilihitaji namba yake ya kuiita kompyuta, mara nyingi 5 au 7. Ukiongeza kifaa kingine kikadai namba ileile, sauti iliweza kukatika kabisa ingawa vifaa vyote viwili vilikuwa vizima. Tangu hapo somo ni lilelile: ukiongeza kitu, yafuatilie mapatano kati ya kipya na cha zamani kabla ya kukitangaza chochote kuwa maiti.

Niliporudi Mbeya ukazuka mlio mwingine, mnguruno wa chini usiokoma. Mkono ulikwenda mfukoni ninunue kitu. Nikaukumbuka utaratibu wa yule binti, nikaurudisha. Nikachomoa waya wa sauti kwenye kompyuta, mnguruno ukanyamaza. Nikachomeka simu badala yake, kimya. Kumbe si spika. Nikafuata nyaya za umeme, nikakuta spika ziko kwenye soketi ya ukutani na kompyuta iko kwenye ekstensheni ya zamani ambayo waya wake wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, ulikuwa umekatika ndani ya plagi. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na tetemeko hilo ndilo lililokuwa likipenya katika sauti. Nikaitupa ekstensheni ile, nikaviweka vyote viwili kwenye nyingine nzima, nao mnguruno ukatoweka. Na faida ilizidi sauti, kwani waya ule ndio unaomlinda mtoto anayeshika kasha la bati. Ningenunua spika nyingine, nisingejua kamwe kwamba nimewaketisha watoto wa watu penye hatari.

Sasa nasikia mafundi wakininong'ona. Wanasema, "Mwalimu, wateja hawalipii kupima, wanalipia kitu." Na hapo, kusema kweli, wananishika. Yule binti aliponitajia Sh 15,000, ulimi wangu ulikwisha kufunguka niseme, "Kwa kubofya tu?" Aibu ilinizuia. Nilikuwa nimelipa Sh 45,000 kwa spika nisizozihitaji bila kunung'unika, kwa kuwa zilikuwa na boksi. Sisi wateja tunalipia boksi na kudharau akili, kisha tunashangaa mafundi wetu wamegeuka wauza maboksi. Fundi anayetumia saa nzima kutafuta kosa dogo, akaambulia nauli, kesho atasema madabodi imeungua. Tumemfundisha wenyewe.

Wala ugonjwa huu hauishii kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi kila homa nchini iliitwa malaria na kumezewa dawa, mpaka ikabidi tufundishwe kupima kwanza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Na mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Hazina katika kompyuta kwenda kombo. Sisemi kwamba hasara haikuwapo. Nasema marufuku haiulizi kama kosa lilikuwa kwenye mashine, kwenye mafunzo ya waendeshaji, au kwenye maandalizi ya kazi yenyewe. Ilipokuja Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano mwaka 2003, karibu miaka thelathini ilikuwa imepita. Mimi kwa kijana wa jirani nilifanya lilelile kwa kipimo kidogo: jambo liliharibika, nikamfukuza aliye karibu.

Nilimwendea kwao. Baba yake alikuwapo, na nilitaka awepo, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu.

"Mwanangu, hukuunguza kitu. Nilikosea mimi," nikasema, nikamweleza yote.

Alisikiliza akiangalia chini. Kisha akasema, "Mwalimu, zile siku mbili, mimi ningeanza na spika."

Nilishindwa kumjibu. Alikuwa amekwisha kuanza kazi ya bodaboda, na hakuiacha; huja kwangu jioni tu, na funguo anazo. Kwa kila tatizo analolichunguza namlipa ada ya kupima, hata akikuta kosa ni waya uliochomoka. Nawaomba wenye vyumba kama changu, na kila mwenye redio, pikipiki au friji, wafanye hivyo. Mwulize fundi wako amepima nini. Akikujibu, mlipe. Na kabla hujamwambia mtu kwamba ameharibu, mpe zile siku mbili.