Muuza Vifaranga Aulizwe Maswali

Siku hizi maduka mengi ya pembejeo huuza vifaranga. Hilo ni jambo jema, maana mama wa kijijini hupata vifaranga vyake kumi bila kupanda basi kwenda mjini. Lakini wako wauzaji wanaouza vifaranga kama wauzavyo misumari: huhesabu, hupokea fedha, basi.

Kifaranga akianguliwa huwa bado na kiini cha yai tumboni. Kiini hicho humlisha kwa siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo dukani huonekana mchangamfu hata kama hajala wala kunywa, na hata kama alipigwa na baridi safarini. Akifika nyumbani, siku ya nne anakufa. Mnunuzi huambiwa hana mkono wa kufuga, au jirani ana jicho baya. Muuzaji haulizwi kitu.

Mimi naona aulizwe. Vifaranga hawa wameanguliwa lini? Wamechanjwa nini? Chanjo ya mahepe, kwa mfano, hutolewa kifaranga akiwa na siku moja, kabla hajatoka kwenye kituo cha kutotolea. Asipoipata huko, ni vigumu kumkinga baadaye. Muuzaji aandike tarehe na chanjo kwenye karatasi ampe mnunuzi. Kisha naye amwulize mnunuzi kama ameandaa mahali pa joto, lenye taa au jiko. Kama hajaandaa, amwambie akaandae kwanza, arudi kesho.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuku wakubwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kijijini, watu hukimbiza kuku wao gulioni kabla hawajafa. Mchuuzi huwachanganya na kuku wazima katika tenga moja. Siku chache baadaye ugonjwa uko vijiji vitano. Ndugu msomaji, ukiona bei ya kuku imeshuka ghafla, uliza kulikoni. Na kuku yeyote uliyemnunua umtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Mdondo hauna tiba, una chanjo. Ile iitwayo I-2 hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Hudondoshwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, hivyo majirani waweza kuchangia na kumwita mtaalamu wa mifugo siku moja.

Afya yetu wenyewe imo pia. Kuku na kifaranga, hata akiwa mzima wa kuonekana, aweza kubeba vijidudu vya salmonela katika kinyesi na manyoya. Vijidudu hivyo huleta kuhara na homa, na huwaumiza zaidi watoto wadogo, wajawazito na wazee. Kwa sababu hiyo boksi la vifaranga halifai kuwekwa katika duka la sukari na unga. Nimemwona muuzaji akishika vifaranga kisha, kwa mkono ule ule, akipima mchele. Mteja alikuwa na haki ya kuukataa mchele ule. Watoto nao wasibusu vifaranga, na kila aliyewashika anawe kwa sabuni.

Kwa mtoto wa mbwa ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ametimiza miezi mitatu na muuzaji hana cheti, mpeleke achanjwe mara moja.

Tena kuna dawa. Wauzaji wengi, mtu akieleza kuwa kuku wanakufa, humpa OTC. Dawa hiyo huua bakteria; kirusi cha mdondo hakiwezi. Na kuku aliyepewa dawa za namna hiyo haifai kuliwa, wala mayai yake, mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Muuzaji akikupa dawa bila kuzitaja siku hizo, mrudishie akusomee.