SONONA HAITIBIWI KWA LAWAMA

Ndugu Waislamu, lipo jambo linaloziumiza nyumba zetu kuanzia Mwandiga mpaka Ujiji, nalo ni namna tunavyomtendea mtu aliyepatwa na sonona.

Mtu anapoacha kazi, akakosa usingizi, akachukia chakula na watu, jamaa zake hugawanyika makundi mawili. La kwanza humwambia kuwa imani yake ni dhaifu. La pili humpeleka kwa mpunga majini, ambaye hutaja bei kabla ya kuuliza jina la mgonjwa. Makundi yote mawili yamekosea, na hoja tunazo ndani ya dini yenyewe.

Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema kuwa Nabii alipungukiwa na imani? Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, na ipo isiyojulikana sababu yake, inayotokana na mwili. Wenzetu walilijua hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi leo twawasingizia majini!

Atasema msemaji: "Je, mnakanusha majini na kisomo?" La hasha! Kisomo ni Sunna, na kujitibu pia ni amri ya Mtume (S.A.W.). Lakini kudai kuwa kila mwenye huzuni ana jini ni kudai elimu ya ghaibu, na kuchuma fedha kwa dai hilo ni dhulma.

Mtume (S.A.W.) katika dua yake mashuhuri alijikinga kwa Allah na dhiki ya moyo na huzuni, na papo hapo akajikinga na kushindwa kutenda na uvivu. Zingatieni mfuatano huo. Mwenye huzuni huacha kutenda, na kuacha kutenda humzidishia huzuni. Juu ya msingi huu Peter Lewinsohn wa Marekani alijenga tiba yake katika miaka ya 1970: mgonjwa asingoje moyo upende, aanze na kitendo, na moyo utafuata. Mwaka 2016 utafiti wa watu 440 huko Uingereza ulionyesha kuwa tiba hii, ikitolewa na wahudumu wasio mabingwa, haikuwa duni kuliko tiba ya mazungumzo ya wataalamu waliobobea. Na huko Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 421 waliowahi kudhulumiwa. Vikao vitano tu vya wahudumu wa kawaida wa afya, ambamo kurejea kazi ndogondogo ni mojawapo ya mafunzo, viliwapunguzia dhiki.

Sisi tuna swala tano zinazoigawa siku. Basi kila swala na ifungamanishwe na jambo moja dogo. Baada ya Alfajiri asirudi kitandani, atembee mpaka barabarani. Baada ya Adhuhuri apalilie tuta moja au ashone tundu moja la wavu. Baada ya Alasiri amzuru jirani. Baada ya Isha alale. Akiweza wiki hii, aongeze kidogo wiki ijayo. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwarudishia wavuvi dagaa wao, lakini kuwashika mkono wasikae bila kazi lilikuwa jukumu letu sote.

Hata hivyo, anayezungumzia kujiua, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, asiachwe peke yake: apelekwe hospitali, kama Maweni, siku hiyo hiyo. Na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa fatwa ya barazani.

Enyi maimamu na walimu! Mtu hukosekana safu ya Alfajiri wiki tatu na hatubishi hodi kwake, akionekana, twamhutubia. Lawama humrudisha kitandani. Nendeni mkamtoe nyumbani, mtembee naye, mle naye, kisha mumwombee dua.